Meza ya ruta kwa fundi wa milango Lamu

Ruta ni mashine ya umeme inayozungusha biti, yaani kisu cha kukatia mbao; kwenye meza ya ruta hufungwa chini ya meza, biti ikitokeza juu. Meza hiyo haiji kuchukua kazi ya patasi. Nakshi ya mlango wa Lamu itachongwa kwa mkono. Meza ifanye zile kazi zinazochosha mikono: mifereji ya fremu, kingo za paneli, mbao nyingi zinazotakiwa kufanana.

Anza na uso wa meza, kwa sababu meza nyingi za kujitengenezea huharibikia hapo. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) isiyofunikwa hunywa unyevu wa pwani na kuvimba, na uzito wa mashine huvuta katikati chini. Gundisha plaiwudi mbili za milimita 18, kiasi cha sentimita 60 kwa 80, uweke mbao za kushikilia chini yake, kisha upake vanishi pande zote, hata upande usioonekana. Ukipaka juu peke yake, meza itapinda.

Bamba la alumini linaloshika ruta lilale sawa na meza. Weka skrubu ndogo kwenye pembe za shimo lake ili uweze kulipandisha na kulishusha, na ulipime kwa rula ya chuma kila upande. Likizidi juu, ubao hukwama ukiingia. Likishuka, kina cha mfereji hubadilika katikati ya kazi.

Biti iingie kwenye koleti, kile kishikio chake kwenye ruta, hadi mwisho, kisha irudishwe milimita 2 au 3 ndipo ukaze. Usitie biti ya milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi, ambayo ni milimita 6.35: haitashikwa barabara, na ikichomoka itaumiza mtu. Biti yenye kipenyo cha zaidi ya milimita 50 usiizungushe zaidi ya mizunguko 16,000 kwa dakika, na fuata kiwango cha mtengenezaji kikiwa chini ya hapo.

Sasa jambo ambalo halina msamaha. Ruta ikiwa imepinduliwa chini ya meza, biti huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Kwa hiyo ubao usukumwe kutoka kulia kwenda kushoto, ukiegemea mwongozo, yaani ule ubao ulionyooka unaofungwa juu ya meza. Ukiupeleka kinyume, biti itaunyakua na kuurusha, na mkono utaufuata. Kamwe usipitishe ubao kati ya biti na mwongozo. Vipande vifupi sukuma kwa kijiti.

Kwa mbao ngumu kama mbambakofi au mvule, mfereji wa kina cha milimita 10 ukate kwa kupita mara tatu au nne. Mvule huwa na chembe ngumu za chokaa ndani, ndiyo maana biti ya chuma cha kawaida hufa upesi. Nunua ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi. Ubao ukiungua, ama biti ni butu, ama unasukuma polepole mno. Kwa paneli, kata kwanza ncha zinazokatiza nyuzi, kisha pande za urefu, ili mpasuko wa mwisho uondolewe na mkato unaofuata.

Paneli usiigundishe ndani ya mfereji. Iachie milimita 2 au 3 kila upande wa upana, kwani masika ikifika itatanuka na kupasua fremu.

Ukimaliza kazi, toa biti, ifute na uipake mafuta. Hewa ya chumvi ikiikuta ndani ya koleti, vyote viwili vitashikana kwa kutu.