Vanishi kunata kwenye meza ya mvule

Habari ndugu wa Jinja. Umesema vanishi ya mafuta kwenye meza yako ya mvule bado inanata siku ya sita. Usilaumu kopo kwanza: mvule una kemikali yake ya asili inayozuia vanishi ya mafuta kukauka, hata mbao zikiwa kavu kabisa.

Bonyeza kwa ukucha. Ukiacha alama, kwangua yote. Mkono wa pili wa vanishi juu yake utaharibu zaidi. Piga msasa namba 120, halafu 180, na uvae barakoa, vumbi la mvule linawasha pua na ngozi vibaya. Futa kwa thina mpaka kitambaa kisitoke na umanjano, kisha paka siku hiyohiyo sila (kizibio cha mbao kinachopakwa kabla ya vanishi) ya thina, si ya mafuta.

Na vile vijiwe vyeupe unavyoweza kuvikuta ndani ya mbao za mvule ni chokaa, vinakula meno ya msumeno.