HPV chanya si saratani
Dada, unauliza kama kipimo cha HPV kurudi chanya maana yake una saratani. Hapana. HPV ni kirusi tu kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa wanawake wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Cha kufuatilia ni kile kinachong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na hata hizo huchukua miaka mingi kufika huko.

Kipimo cha siki walichokupangia hakiumi sana: mlango wa kizazi unapakwa siki, baada ya dakika moja hivi sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ikionekana, mara nyingi inachomwa kwa joto au kugandishwa siku hiyohiyo. Isipoonekana, mwongozo wa WHO ni kurudia kipimo cha HPV baada ya miezi 24, au 12 kama unaishi na VVU. Mimi ni muuguzi kliniki ya uzazi, ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Mume usimgombeze bure. Kirusi hukaa kimya miaka, huwezi kujua nani alikileta wala lini. Ila ukitokwa damu baada ya tendo, usingoje tarehe ya kadi, nenda.