Fundi anajibu: Hilux ya papa, mafili yote yatoke?

SWALI

Jambo papa fundi. Baba alituacha mwaka jana, na kati ya vitu alivyoacha kuko pickup yake, Toyota Hilux ya 1979, alikuwa anabebea makala na unga kati ya Kipushi na Lubumbashi, na mu ile motokari njo alinifundisha kuendesha. Familia imeniachia mimi. Moteri inawaka vizuri, shida ni kuranti. Nikiweka klinyota ya kushoto taa zote za nyuma zinapepesa pamoja, taa za mbele ni nyekundu tu kama moto unaozimika, na juma lililopita moshi ulitoka chini ya tablo. Fundi mmoja hapa Katuba anasema ang'oe mafili yote siku moja aweke ya nyumba, eti iko nguvu na bei ni kidogo. Baba mdogo anasema niuze. Mi sitaki kuuza. Nifanye nini?
Binti wa Katuba

JIBU

Binti yangu, pole sana kwa papa. Usiuze, na mtu asing'oe kitu kwanza. Leo hii toa fili ya minus kwenye batri, na uitoe kila usiku mpaka kazi iishe, juu ule moshi unasema kuko fili imepoteza ngozi na inagusa chuma, na gari inaweza kuungua pale uani watu wamelala. Mara nyingi ni fili ya redio au ya taa ya kuongeza ambayo mtu aliunga kwa kusokota tu, bila fizibule (kale kanakatika kuranti ikizidi). Anza kutafuta hapo.

Mafili ya nyumba hapana kabisa. Nyingi ziko na shaba moja ngumu ndani, ukutani haitingishiki kwa hiyo inaishi, lakini kwenye barabara ya mashimo inatetemeka mpaka inakatika ndani ya ngozi, kwa macho huioni, na utahangaika miezi na pane isiyo na jina. Ya gari iko na nyuzi nyingi nyembamba, dai hiyo.

Sasa klinyota. Kuranti ikishapita kwenye balbu lazima irudi kwa batri kupitia chuma cha gari, njo ile tunaita mase. Pale taa ya nyuma inapofungwa kukiwa kutu na vumbi letu jekundu, kuranti inakosa njia inaenda kurudia kwenye balbu ya jirani, ndiyo maana zote zinapepesa. Kwa hiyo kabla ya kununua hata metre moja ya fili, fungua kila mase, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Kwenye Toyota ya miaka ile fili ya mase ni nyeupe yenye mstari mweusi, ifuate hiyo. Usisahau ile kubwa ya kutoka moteri kwenda shasi. Halafu washa taa, weka multimetre (chombo cha kupima volti) kati ya minus ya batri na chuma cha taa yenyewe: ikipita volti 0.2, bado hujamaliza.

Taa za mbele, balbu mbili za wati 60 zinakula ampere 10 hivi, na kuranti yote inazunguka kwenye swichi ya zamani na fili iliyochoka. Ukipoteza volti moja tu njiani, karibu robo ya mwanga imeenda. Weka rele mbili (rele ni swichi inayoamshwa na kuranti kidogo ili ipitishe kuranti kubwa) karibu na batri, fili ya 2.5 mm², fizibule ya ampere 15, swichi ya papa ibaki na kazi ya kuamsha rele peke yake. Lakini umwambie fundi wako hii, wengi inawachanganya: Toyota nyingi za wakati ule swichi inakata taa za mbele upande wa mase, si upande wa plus. Akiunga rele kama alivyozoea kwenye magari mengine, taa zitamchezea siku nzima.

Kama baada ya mase bado unataka mafili mapya (na kwa gari ya 1979 naelewa), fanya sehemu moja moja. Leo nyuma, imalize, ijaribu, halafu ndiyo ushike mbele. Kabla ya kutoa kila fili ifunge kakaratasi kenye jina, piga picha, chora mu kaye. Fundi afanye kazi, wewe kaa pale na kaye yako, kwa heshima lakini usitoke. Fili ikipita kwenye tundu la chuma, weka mpira. Fizibule kubwa ikae karibu kabisa na batri, juu fizibule inalinda fili, na kipande kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Siku ya kuwasha sehemu mpya, pale pa fizibule unga kwanza balbu ya wati 21. Kama kuko mahali plus inagusa chuma, balbu itawaka kwa nguvu zote na fili haitaungua. Inawaka? Zima, tafuta.

Na yale mafili ya zamani usiyatupe, yafunge mu mfuko na majina yake mpaka mvua za Novemba zipite juu ya hiyo gari, juu maji njo yatakuonyesha kama kuko kiungo kilifungwa vibaya, na siku hiyo utataka kuona papa aliunga namna gani.