Mwanangu, kuhusu yule baba wa Texas

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza mawili kwa pumzi moja: kama wazazi wa yule binti wa Texas walijiletea mauti kwa kumkataza mpenzi wake, na kama mimi ningeweza kumsamehe mwanangu kama yule baba alivyomsamehe wake. Najua Texas si ndiyo inayokukosesha usingizi. Mwanao ana miaka 15, umekuta ujumbe kwenye simu yake, na sasa hujui ukataze au unyamaze.

Kisa chenyewe umekisikia nusunusu, kwa hiyo nianzie hapo. Ilikuwa alfajiri ya tarehe 1 Machi 2008, mashariki mwa Texas. Binti alikuwa na miaka 16, mtoto wa kanisani, mwimbaji. Wazazi wake walikuwa wameona ukurasa wa yule kijana kwenye MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi zile, umejaa habari za pombe na ngono, wakamwambia binti yao amwache. Haukupita muda mrefu. Vijana wawili, mpenzi wake na rafiki yake, waliingia nyumbani usiku na silaha. Binti na msichana mwingine walibaki wakiwasubiri kwenye gari. Mama aliuawa, pamoja na wadogo wawili wa kiume wa yule binti, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 8. Nyumba ikatiwa moto. Baba alipigwa risasi kadhaa wakamwacha wakidhani amekufa, akazinduka katikati ya moshi, akatokea dirishani na kujikokota gizani kupitia msituni mpaka kwa jirani. Alipofika alimtaja aliyempiga. Binti yake, alidhani naye ameuawa.

Hapo huwa nasimama kila ninapokisoma kisa hiki. Mtu anavuja damu na anamlilia mtoto ambaye alikuwa kwenye gari.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, mwanangu, kukataza siko kulikowaua. Wazazi wale waliona hatari ya kweli wakaitaja kwa jina lake, na hiyo ilikuwa kazi yao. Nyumba ngapi duniani usiku huu zina binti aliyefungiwa simu, analia, anaapa kwamba anawachukia wazazi wake? Asubuhi anaamka, anakunywa chai kwa hasira, maisha yanaendelea. Kinachoniumiza mimi ni wale wanne. Hasira ya mtoto wa miaka 16 ni ya kawaida kama mvua. Hii lakini ilisemwa kwa sauti, ikapangiwa usiku, ikatafutiwa silaha na gari, na katika midomo minne haukupatikana hata mmoja wa kumwambia mtu mzima yeyote. Walikuwa wamejifungia katika chumba cha maneno yao wenyewe, kila mmoja akimjibu mwenzake ndiyo.

Vijana walidai wazo lilikuwa la binti. Yeye aliwahi kusema vingine. Alikiri makosa mahakamani, na mimi siwezi kuingia moyoni mwake.

Umesema inakusumbua kwamba hakushika bunduki lakini amefungwa maisha. Sheria ya Texas haiangalii kidole kilichofyatua peke yake. Aliyesaidia, aliyechochea, aliyewezesha, anahesabiwa kuwa mtenda kosa kama yule aliyeingia ndani. Na umri haukumwokoa, kwa kuwa kesi yake iliondolewa kwenye mahakama ya watoto akahukumiwa kama mtu mzima: vifungo viwili vya maisha na miaka 25 juu yake. Hata kufikiriwa kuachiliwa kwa masharti ni mpaka akaribie miaka 60. Adhabu ya kifo isingemfikia kwa vyovyote, maana Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta mwaka 2005 kwa yeyote aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Wale vijana wawili ingewafikia. Walipata kifungo cha maisha bila njia ya kutoka, na sababu mojawapo ni kwamba baba mwenyewe, mwenye makovu ya risasi zao mwilini, alimwomba mwendesha mashtaka asiwaombee kifo. Aliona damu iliyomwagika imetosha, na akataka wapate umri wa kujuta.

Angalia lakini: msamaha wake haukumtoa mtu gerezani. Napenda iwe hivyo. Pakistan kwa miaka mingi familia iliweza kumsamehe muuaji akaenda zake, na pale ndugu walipomuua binti kwa sababu ya mapenzi, waliosamehe walikuwa ndugu wale wale. Bunge lao lilibadilisha sheria mwaka 2016 ili muuaji wa namna hiyo, hata akisamehewa, kifungo kibaki. Moyo wa baba una mambo yake, na mama aliyekufa pamoja na watoto wale wawili nao wana haki ambayo baba hawezi kuwagawia wengine.

Kuhusu mjukuu wangu nitakwambia jambo ambalo hatujawahi kulizungumza. Ulipokuwa na miaka 17 nilikunyang'anya simu na kukukataza yule kijana. Sijuti. Alikuwa mtu mzima na wewe ulikuwa mtoto. Usiku ule nikakusikia unalia, ile sauti ya mtu aliyezika uso kwenye mto. Nikaamka, nikaja hadi mlangoni kwako, nikashika kitasa. Kilikuwa cha baridi. Nikasimama pale, sijui muda gani, halafu nikarudi kulala kwa sababu sikuwa na la kusema na niliogopa kuonekana nimelegea. Wiki tatu baada ya hapo ulikuwa unanipa shikamoo huku unatazama miguu yangu. Nilishukuru kwamba umetii. Sikujua ulikuwa unaongea na nani, wala nani alikuwa anakujibu.

Kitasa kile nimekikumbuka mwaka mzima huu.

Kwa hiyo kataza, kama kijana huyo ni wa kukatazwa. Ila kwanza mwone, usimhukumu kwa jumbe tatu. Mwite nyumbani, akae, umsikie anavyosalimia, umuulize ana miaka mingapi. Ukikataza, mwambie mwanao sababu, na usiku ule ule rudi chumbani kwake hata kama hataki kukuona. Kaa chini. Akikutukana kwa machozi, mwache atukane. Na akiwahi kusema, hata kwa hasira, kwamba fulani atakufanyia kitu, au kijana akimtishia kwamba atajiua au ataua wakiachana, hayo si maneno ya mapenzi, usiyapuuze. Nipigie simu hata saa tisa usiku, kisha twende polisi pamoja.

La kusamehe nimeliacha mwisho kwa sababu jibu sinalo. Yule baba amekuwa akienda kumtembelea binti yake gerezani. Namwazia akisubiri aitwe, na mimi nikijiweka pale pale, na anayetoka mlango wa pili ni wewe, na mama yako hayupo tena. Kinywa changu kinakauka. Sijui kama ningeweza kutamka neno nimekusamehe. Lakini ningekuja, mwanangu. Ungekataa kutoka, ningekaa kwenye benchi mpaka saa za wageni ziishe, na wiki inayofuata ningekuwa pale tena.

Baba yako