Kitatange: mwone akila kwanza, hela baadaye

Kama tangi lako la maji ya chumvi halijatimiza miezi sita, kitatange, yule samaki bapa wa rangi wa miambani, mwache baharini. Mimi sikungoja.

Wa kwanza kununua alikuwa yule wa manjano mwenye mistari myembamba ya zambarau ubavuni, Chaetodon trifasciatus. Hapa Mombasa ukipiga mbizi miambani utamwona, mara nyingi wakiwa wawili. Muuzaji aliniapia kwamba anakula chochote. Nikampa uduvi, nikampa kamba wa kusaga, nikampa na chakula cha pakiti. Alikuwa akisogea, anakitazama kipande kwa jicho moja, kisha anakiacha kizame. Siku ya kumi na tisa nilimkuta kando ya pampu, mgongo umekonda kama wembe. Hakuwa na ugonjwa wowote. Riziki yake ni vinyama vya matumbawe hai, na mimi nilimuua kwa njaa huku nikimwagia chakula asichokijua.

Kwa hiyo chagua kwa mdomo, si kwa rangi. Wa kuanzia ni Chaetodon auriga, mweupe mwenye mistari ya mshazari, nyuma manjano, na uzi unaoning'inia kwenye pezi la mgongo. Huyu hula vitu vingi. Hufikia sentimita 20 na zaidi, kwa hiyo chini ya lita 400 utakuwa unamtesa. Ukiwa dukani mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Akisema "ameshakula asubuhi", rudi kesho. Mtazame pia juu ya macho: nyama ikiwa imebonyea pale, muache hata kama ni wa bei ya kutupa.

Nyumbani, akigoma kula siku mbili tatu, nenda sokoni ukanunue chaza mzima. Mpasue, mlaze na gamba lake katikati ya mawe, uondoke. Usisimame pale kioo kikikuonyesha umekodoa macho. Mdomo wake umeumbwa kudonoadonoa, na chakula kilichoshikamana na kitu anakielewa kuliko kinachoelea. Baada ya saa chache toa mabaki, maana chaza aliyeoza hupandisha amonia, sumu kwa samaki, haraka.

Karantini wiki nne hadi sita, katika tangi la maji lisilo na mawe wala mchanga, lenye kipande cha bomba la plastiki la kujifichia. Vidudu vya madoa meupe huanguka kutoka kwa samaki, hujificha chini, kisha hurudi vikiwa wengi, ndiyo maana wiki moja haitoshi. Dawa ya shaba ya kuviua iishie humo humo. Ikiingia tangi kubwa, kamba, konokono na matumbawe wamekwisha.

Hita kwetu haina kazi nyingi; adui ni joto. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia sana, ila maji yanapungua na chumvi inabaki. Jazia maji yasiyo na chumvi, pima uzito wa maji ya tangi ukilinganisha na maji matupu, mpaka usome 1.025. Nilishawahi kujazia ya bahari wiki mbili mfululizo, nikashangaa kwa nini samaki wanahema. Stima ikikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo itakayokuokoa.

Na kama unapenda matumbawe, mweke auriga tangi jingine. Wangu alimaliza maua ya bahari (vinyama laini vyenye minyiri) yote kabla ya Ijumaa.