Kabla hujanunua pikipiki Nairobi, jua utapita wapi

Watu wa ofisini wakishazoea kukuona umefika mapema huku wao wamekwama kwenye jamu ya Nyayo, swali linakuja tu: "Hiyo nduthi ni ya aina gani, na ni pesa ngapi?" Mimi huwarudishia lingine. Unaishi wapi, kazi iko wapi, na hapo katikati utapita wapi? Wengi huona ninawazungusha. Lakini katika mji huu njia ndiyo inayokuchagulia pikipiki, na ndiyo itakayoamua kama mwakani bado utakuwa unaendesha au utakuwa umeiuza kwa hasara.

Chukua mtu wa Donholm anayefanya kazi Westlands, safari ninayoijua vizuri. Njia fupi ni Jogoo Road, Landhies, Haile Selassie, kisha Uhuru Highway. Fupi kweli, ila asubuhi mapema mikokoteni inatoka soko la Marikiti imejaa viazi, watu wa soko la Gikomba wanavuka na marobota ya mitumba, na matatu za Eastlands zinapita upande wowote wenye nafasi. Mimi huzunguka na Outer Ring hadi Allsops, nikaingia Thika Road, nikatokea Pangani, halafu Forest Road, ambayo siku hizi inaitwa Prof. Wangari Maathai, mpaka Museum Hill. Kilomita zinaongezeka, lakini pikipiki ndogo ya cc 125 inatembea kilomita 40 na zaidi kwa lita moja ya petroli, kwa hiyo hasara yenyewe haifiki bei ya chai na mandazi. Kinachopungua ni vitu vya kukurukia kutoka ubavuni.

Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, usiihesabu. Tangu ifunguliwe 2022 pikipiki haziruhusiwi kule juu. Southern Bypass inaruhusiwa, lakini malori ya masafa marefu yanayokwepa mji hupita huko, na likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma ukiwa kwenye skuta nyepesi. Kama hiyo ndiyo njia yako ya kila siku, nunua kitu kizito kidogo, cc 150 kwenda juu.

Hapo sasa ndipo tunaweza kuzungumzia pikipiki yenyewe. Skuta ni raha: hakuna klachi, sketi inakaa vizuri, mkoba unaingia chini ya kiti. Tatizo lake ni magurudumu. Mengi ni ya inchi 10 au 12, na shimo ambalo pikipiki ya inchi 17 inaliruka, skuta inaingia ndani yake. Kama unakaa Kilimani na unafanya kazi Upper Hill, chukua skuta bila wasiwasi. Kama mtaani kwenu lami inaishia kwenye lango la estate, au kuna matuta ambayo wakazi wamejijengea wenyewe bila hata kuyapaka rangi, chukua pikipiki ya kawaida ya gia, ile ile wanayotumia watu wa boda. Haina urembo, lakini spea zake zimejaa Kirinyaga Road, na fundi yeyote wa kona anaifungua macho yamefumbwa. Za umeme nazo ziko, na kampuni za Ampersand na Spiro zina vituo vya kubadilisha betri humu mjini. Hesabu vituo vilivyo kwenye njia yako kabla ya kulipa. Na ujue kwamba mtu anayevuka barabara bila kutazama hutegemea masikio, na hiyo ya kwako hataisikia.

Kwenye jamu ndiko pikipiki inakolipa gharama yake, na ndiko watu wengi huumia. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa matatu uko kushoto. Jamu ikisimama, makanga anaufungua popote, abiria wanashuka bila kutazama nyuma. Ukikuta nafasi nzuri kati ya matatu na ukingo wa barabara, iache hata kama boda watatu mbele yako wameipita. Pita katikati ya safu mbili za magari, kwa mwendo ambao mtu anayekimbia angekufikia. Hata hapo katikati kuna wachuuzi wa njugu na maji, hasa Mombasa Road jioni, na wao wanatazama madirisha, hawakutazami wewe.

Taa za kuonyesha kona usizitegemee. Tazama gurudumu la mbele la gari: dereva anayetaka kuhama safu huanza kulikunja kabla hajafikiria kuwasha taa. Tazama pia nafasi iliyojitokeza ghafla mbele ya gari moja wakati mengine yamebanana. Mara nyingi dereva amesimama kumruhusu mtu avuke, na mtu huyo atatokea mbele yako.

Kwenye mizunguko, askari wa trafiki akiwepo, mkono wake unashinda taa. Ukikaa mbele kabisa ukisubiri, kaa mahali anapokuona, na usiwe wa kwanza kuondoka hata kama kundi zima la boda linanguruma nyuma yako. Daima kuna gari moja linalomalizia upande wa pili.

Mvua inataka kurasa zake, kwa sababu Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, utaishi nayo. Dakika za kwanza ndizo mbaya zaidi, maana vumbi na mafuta ya wiki nzima vinaelea juu ya lami kabla havijasombwa. Rangi nyeupe ya kivuko, vifuniko vya chuma na viungo vya daraja vyote vinateleza. Dizeli inayomwagika kutoka kwa malori yaliyojazwa kupita kiasi hukaa palepale unapoinamisha pikipiki kukata kona, kwa hiyo ukiona upinde wa rangi kwenye maji, nyoosha pikipiki kwanza, kisha punguza mwendo polepole. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini inataka kukamuliwa, isivutwe kwa hofu. Ijaribu Jumapili asubuhi kwenye uwanja mtupu hadi vidole viizoee.

Ikizidi, simama. Lakini usisimame chini ya madaraja ya waenda kwa miguu Thika Road, pale boda hujipanga hadi wanakula safu nzima ya barabara. Magari yanakuja kwa kasi na vioo vimejaa ukungu. Sogea hadi petroli stesheni inayofuata, utalowa kidogo zaidi, basi.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Helmeti nunua mpya, yenye alama ya E ndani ya duara na mkanda unaofunga kweli kidevuni, na kioo chake kiwe kisicho na rangi kwa sababu jioni utarudi gizani. Glavu watu huzidharau hadi Julai iwakute Waiyaki Way saa kumi na mbili asubuhi. Jaketi inayong'aa si hiari, sheria inaitaka kwako na kwa unayembeba, naye awe mmoja tu.

Leseni ya gari pekee haikuruhusu kupanda pikipiki. Unahitaji daraja la A, na kwa pikipiki yako binafsi ni A2. A3 ni ya boda na wa kupeleka mizigo. Bima ya lazima ni ile ya mtu wa tatu, ambayo haitakutibu wewe wala kutengeneza pikipiki yako. Kama uwezo upo, tafuta ya ajali ya mwili wako kando.

Hilo la A3 litakuhusu mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu jiji zima litakuchukulia kuwa boda. Utasimama kwenye taa, mama mwenye kiondo akuulize, "Ngara ni ngapi?" Huruma isikuponze ukapokea pesa: bima ya binafsi haimhusu abiria anayelipa, na ikitokea ajali kampuni itakuwa na sababu ya kukukimbia. Dawa niliyoipata mimi ni kufunga sanduku nyuma ya kiti. Tangu hapo wanaonipungia mkono wamepungua, ila askari wapya wa lango kazini wananielekeza upande wa kushusha mizigo, wakidhani nimeleta chakula. Huwa sibishani nao. Huko nyuma ndiko kwenye maegesho yenye paa, na kamera inatazama pikipiki mchana kutwa.