Kwa nini Nobel ya faiba alipewa Kao?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma mawasiliano chuoni. Faiba ya kwanza iliyofaa kwa simu ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Corning mwaka 1970. Mbona Nobel ya Fizikia ya 2009 alipewa Charles Kao? Na "desibeli 20 kwa kilomita" inatoka wapi?

JIBU: Marahaba. Tuanze na hizo desibeli 20, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo humo.

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mawasiliano kwa mwanga, na desibeli hupima mwanga unaopotea njiani. Mwanga ukipoteza desibeli 10, umebaki sehemu moja ya kumi. Ukipoteza 20, imebaki asilimia 1. Miaka ya 1960 nyuzi za kioo zilipoteza kama desibeli 1,000 kwa kilomita, yaani asilimia hiyo 1 unabaki nayo ukiwa mita 20 tu. Wengi walikata tamaa na kioo.

Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi katika maabara huko Harlow, Uingereza, alitaka kwanza kujua mla mwanga ni nani: kioo chenyewe, au uchafu uliomo? Mwaka 1966, yeye na George Hockham waliandika kwamba tatizo ni uchafu, hasa chembe za chuma. Kioo kikisafishwa, upotevu ungeweza kushuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, na hapo simu zingepita. Kisha akazunguka kwa watengenezaji wa kioo akiwashawishi wajaribu.

Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa Corning walipofikia desibeli 17 kwa kilomita mwaka 1970, walikuwa wanalenga shabaha iliyokwisha kuwekwa. Kazi yao ilikuwa ngumu mno, na mimi ningefurahi kuona angalau mmoja wao katika tuzo ile. Lakini nusu yake ilikwenda kwa Willard Boyle na George Smith, waliobuni kihisi cha picha cha CCD. Nusu ya Kao aliistahili kabisa. Wakati huo alikuwa anaugua Alzheimer, na mhadhara wake kule Stockholm ulitolewa na mkewe, Gwen. Miezi michache kabla, Julai 2009, Seacom, mkongo wa faiba wa chini ya bahari, ulikuwa umeanza kazi Mombasa na Dar es Salaam.

Ukienda mafunzo kazini, omba upime faiba kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Utasoma karibu desibeli 0.2 kwa kilomita: ile asilimia 1 sasa inafika kilomita 100.